Nafasi Moja, Hadi Jumamosi Jioni

Simu ilinikuta kwenye maegesho ya supamaketi, mvua inanyesha, ile mvua nyembamba ya Leicester isiyokatika, mifuko miwili mkononi na wa tatu ushapasuka, vitunguu vinabingirika chini ya magari ya watu. Nikapokea hivo hivo. Alikuwa yule dada wa shorumu. Kuna mtu amejitoa, akasema, imerudi nafasi moja ya GR86, ile gari ndogo ya spoti ya Toyota, nyekundu, gia za mkono, na wewe ndio jina linalofuata kwenye orodha yangu, una hadi Jumamosi jioni uweke arbuni.

Nikasema ndio.

Sikuuliza inafika mwezi gani. Sikuuliza bima. Nilisema ndio kabla hajafika kwenye neno Jumamosi, halafu nikainama kuokota vitunguu na moyo unanienda mbio kama nimetoka kufukuzwa.

Sai, 2022, ni wiki ya tano. Arbuni nishalipa, karatasi ninayo, na bado kuna kitu kinanikera usiku taa ikizimwa. Mashine ya kufulia tuliyonayo hapa ndani, mimi na mke wangu tuliizungumza miezi minne. Tangi la maji la kwa mamangu, simu kumi na kitu, mara lita 1,000 mara 2,000, mara fundi huyu mara yule. Na kitu cha pauni 29,995 nimekikubali nimesimama kwenye mvua, kwa pumzi moja.

Ni kwa sababu naipenda hio gari? Au ni kwa sababu niliambiwa imebaki moja?

## Miaka miwili ya voisi

Mimi na mtoto wa ami yangu Mombasa tulianza kuisubiri hii gari kabla hata haijajulikana kama itakuwepo. 2019 hivi, uvumi kila upande. Mara haitengenezwi tena. Mara inakuja na turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi. Mara Toyota wanaachana na Subaru waijenge wenyewe. Mtu akiweka picha ya gari iliyofunikwa stika za kuficha umbo, sisi tunaikuza hio picha mpaka inavunjika vunjika, tunabishana kama ekzosi ile ni ya turbo au sio, voisi za dakika sita sita, yeye kelele za tuktuk nyuma yake, mimi nimejifungia kwenye gari ili nisiamshe watoto.

Mimi nlikuwa upande wa turbo. Kabisa. Manake GT86 ile iliyotangulia ilikuwa na shimo, na aliyewahi kuiendesha anajua nasema nini: ukifika kama mizunguko 3,500 kwa dakika injini inalegea, inakuacha, mpaka uipite 4,500 ndio inaamka tena. Nikasema dawa ya shimo ni turbo, maneno yaishe.

Mtoto wa ami akakataa katakata. Turbo ina mabomba yake, ina joto lake, ina kipozeo chake, uzito unaongezeka mbele, bei inapanda, na hii injini ya boksa, ya silinda zilizolala ubavu, raha yake ni kuwa iko chini karibu na barabara, ukianza kuirundikia vitu ushaiharibu.

Novemba 2020 Subaru wakaifunua BRZ mpya, Aprili 2021 Toyota wakafuata na GR86, na hizo ni ndugu wa tumbo moja, zote zinatoka kiwanda cha Subaru mkoa wa Gunma. Bila turbo. Lita 2.4 badala ya 2.0, bas.

Siku mbili sikumjibu voisi zake.

Halafu nikakaa nikasoma vizuri. Injini ya zamani silinda zake zilikuwa na upana wa milimita 86, na pistoni inatembea milimita 86, yaani 86 kwa 86, hesabu ambayo nlikuwa nikimsimulia kila mtu. Hii mpya wamepanua hadi 94, mwendo wa pistoni ukabaki 86. Na kile kilichonifanya ninyamaze ni mvuto, ile nguvu ya injini ya kuzungusha: ile ya zamani ilikuwa na 205 Nm na huzipati mpaka upande juu ya mizunguko 6,400. Mpya ina 250 Nm, na unazipata kwenye 3,700. Pale pale palipokuwa na shimo! Wameliziba kwa kuongeza ukubwa tu, bila kupachika chochote. Nguvu za farasi zimepanda hadi 231 lakini hio hata sio habari, habari ni lile shimo.

Kwa hivyo miaka miwili nilibishania kitu ambacho nlikuwa nimekosea, na aliyepiga kelele zaidi ndio nlikuwa mimi. Kilichonisumbua peke yake ni kuwa sehemu ya sauti ya injini unayoisikia ukiwa ndani inatoka kwenye spika. Hilo mpaka leo sijalimeza vizuri.

## Dakika 90

Aprili 2022 oda zikafunguliwa hapa Uingereza. Mimi nafanya kazi thieta ya hospitali, ukishaingia umeingia, simu inabaki kwenye loka. Siku hio orodha ilikuwa ndefu, mgonjwa wa kwanza peke yake alichukua saa tatu.

Mgao wote wa mwaka wa kwanza ulimalizika kwa dakika 90.

Mechi moja ya mpira, bila ya nyongeza. Nilipotoka nikafungua loka, nikakuta simu mbili za dada wa shorumu ambazo sikupokea na voisi moja ya mtoto wa ami inayosema tu "umepata?" Nikakaa kwenye benchi la kubadilishia nguo na viatu vya thieta miguuni bado.

Niseme ukweli, sikuhuzunika vile nilivyotarajia. Nlikasirika. Na hasira na huzuni sio kitu kimoja, hilo nimekuja kulifikiria baadae. Mtu akikosa anachokipenda anahuzunika. Hasira ile yangu ilikuwa ya mtu aliyepitwa kwenye foleni.

Yule dada akaniandika kwenye orodha ya kusubiri, nikaendelea na maisha, mpaka ile siku ya vitunguu.

## Nani aliifanya iwe chache

Kuna gari zinazokuwa chache kwa sababu kiwanda kimeamua. Januari 2022 Toyota walionyesha GRMN Yaris, gari yao nyingine ya spoti, 500 tu, Japan peke yake, na kuipata ni kwa bahati nasibu. Hapo wamekaa mezani wakaiandika hio 500. Hii yetu sio hivo. Hii imebanwa na sheria.

Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni mpya za usalama, za kuanza Julai 2022 kwa aina mpya za magari, na Julai 2024 kwa kila gari mpya inayouzwa: iwe na mfumo wa kumsaidia dereva asizidishe spidi, wa kumshtua akisinzia, na mengine. Toyota wakatazama wakaona kuibadilisha gari ndogo kama hii kwa soko dogo kama hili haiwezekani, wakasema Ulaya tutaiuza miaka miwili tu. Uingereza ilishatoka kwenye Umoja lakini gari zake zilikuja kwenye fungu lile lile. Kwa hivyo mlango ulifunguliwa na siku ya kufungwa ilishabandikwa juu yake.

Sizilaumu hizo kanuni. Nafanya kazi mahali ambapo watu wa ajali wanaletwa, nimeona vya kutosha. Lakini kujua kuwa uchache huu haukutengenezwa ili kunitamanisha kulinifanya nijiamini zaidi, nikajiambia hapa hakuna ujanja wa muuzaji, hapa ni saa tu inakwenda. Na nilipokuwa nimeshajituliza hivo ndio likaja swali ambalo lilininyima usingizi.

GT86 ilikuwepo.

Ilikuwepo! Imeuzwa nchi hii toka 2012, miaka minane na zaidi. Mimi nimekuja 2013. Basi langu la kwenda kazini lilikuwa linapita mbele ya shorumu, na ilikuwa imesimama pale kwenye kioo, nyekundu hio hio, gia za mkono hizo hizo, hakuna foleni, hakuna orodha. Miaka ya mwanzo sikuwa na pesa, sawa. Lakini kuanzia 2017 nlikuwa nayo. Ningeweza kuingia Jumatatu yoyote nikatoka na funguo.

Sikuingia hata siku moja.

Naikumbuka tu ile gari kupitia dirisha la basi, naitazama, nasema mashallah, basi linaondoka. Sasa huo ulikuwa ni upendo wa namna gani, uliolala miaka yote ile kitu kikiwa wazi, ukaja kuamka siku mlango ulipoanza kufungwa?

## Voisi ya kutoka Mombasa

Nikamtumia mtoto wa ami hayo yote, voisi ndefu kuliko zote. Yeye biashara yake ni kuagizia watu magari kutoka Japan, mitumba ya minada, ndio kazi yake miaka kumi na mbili sasa. Akanijibu kwa utulivu kabisa.

Akasema: wewe unaniambia imebaki moja, imebaki moja wapi? Huku kwangu haijapungua hata moja. Japan inauzwa toka 2021, itaendelea kuuzwa, stelingi kulia kama yenu na kama yetu. Watu watanunua, wataichoka, watairudisha mnadani. Kenya gari inaingia mpaka ipite miaka minane, kwa hivyo ya 2022 mimi naweza kuileta mpaka 2029. Ntakaa, ntasubiri, bei itashuka, ntachagua na rangi. Hio foleni yenu ni ya huko kwenu.

Nlikuwa jikoni, nikairudia mara tatu.

Manake ni kweli. Sisi tumelelewa hivo, pwani na bara, hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa akiagiza gari mpya. Gari ilikuwa inakuja kwa meli ishaishi maisha yake ya kwanza kwa mtu mwengine, na kusubiri ilikuwa ndio sehemu ya kununua. Unaijua gari miaka mitano kabla hujaigusa. Miaka tisa hapa Uingereza imenifundisha kuona kitu kwenye kioo na kuona kwamba ni leo au basi.

Yeye hana haraka kwa gari ile ile niliyoisemea ndio bila kupumua. Uchache ulikuwa haumo ndani ya gari, ulikuwa ni pale niliposimama mimi.

## Pesa, na neno nililomwambia babangu

Wengi wanaochukua gari hapa wanaweka kidogo, halafu wanalipa kwa mwezi miaka mitatu na riba yake ndani. Mimi hio njia siipiti. Kwa hivyo kwangu 29,995 ni 29,995, inatoka mfukoni yote siku ya kuchukua funguo. Ninazo kwa sababu nimeweka miaka saba, kwa sababu nimefanya zamu za usiku ambazo wenzangu walizikataa, na kwa sababu gari ya sasa nitaiuza. Pesa za kiwanja cha Mtwapa ziko mbali, sizigusi, mke wangu anajua hesabu yote mpaka senti. Sijamdhulumu mtu.

Na bado babangu aliponiuliza kwenye simu, nasikia wanunua gari, gari gani, nikamjibu, "Ah, Corolla tu baba."

Corolla tu.

Babangu alikuwa na DX, Corolla ya zamani. Waliokulia Kenya miaka hio hawahitaji kuelezwa, KE70, injini ya 4K, kisanduku chenye pembe nne kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma. Aliibeba familia nzima nayo, na siku za mvua njia ya Kilifi ikishakuwa tope ikiteleza nyuma yeye anairudisha kwa vidole viwili huku anaendelea na hadithi yake. Nlikuwa nakaa katikati nyuma, kichwa kati ya viti viwili, namtazama mkono wa kushoto kwenye gia. Na ile AE86 ambayo hii gari yangu imechukua namba yake, ya 1983, ilikuwa kweli ni Corolla, na chini yake ilijengwa kwa mifupa ya hio hio DX ya babangu. Kwa hivyo ukitaka kunitetea unaweza ukasema sikudanganya.

Nilidanganya. Nlichagua jina ambalo lingemfanya asiulize bei. Babangu ametengeneza gari moja kwa miaka kumi na tisa, spea za kuomba na kuokota, na nikaona siwezi kumtajia kiasi kile. Ndio nikajua kwa nini silali. Sio pesa. Ni kuwa kama ningekuwa na sababu niliyoiamini, ningeitaja gari kwa jina lake.

## Yadi ya mitumba, Jumapili

Rafiki yangu kazini alikuwa na ushauri mwepesi, chukua nafasi, iuze juu ya bei, watu wanatafuta. Sikulifikiria sana hilo. Kuuza kitu ambacho hakijawa mkononi mwangu kwetu kidini kuna maneno yake, na pia nlijua kuna mtu nyuma yangu kwenye ile orodha ambaye anaitaka kuiendesha.

Nilichofanya ni kwenda yadi moja nje ya mji kuendesha GT86 ya 2014, mkono wa pili, bei chini ya nusu ya yangu. Nikajiambia, kama niliitaka gari, hii hapa gari. Hakuna foleni. Nione moyo utasema nini.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tairi zilikuwa bado zile zile Michelin Primacy nyembamba zilizokuja nayo kiwandani, za jamii moja na za Prius, ambazo watu walizicheka bila kuelewa kuwa waliziweka makusudi ili gari ikuambie mapema inapoanza kuteleza. Kijana wa yadi akakaa pembeni na simu yake. Raundabauti ya kwanza nikaenda taratibu. Ya pili nikaiachia kidogo, gia ya pili, na nyuma ikajongea. Kidogo tu, kama mtu anayesogea akupishe njia. Mikono yangu ikairudisha kabla sijaiambia.

Nikasikia harufu ya DX. Najua haiwezekani, najua gari ile ilikuwa inanukia sabuni ya kusafishia, lakini nilisikia petroli na plastiki iliyopigwa jua na mafuta ya nazi ya mamangu kwenye kitambaa cha kiti.

Halafu likaja lile shimo, 3,500, injini ikalegea vile vile. Nikabaki nalo, nikalingoja, likapita.

Nlirudi nyumbani na jibu lisilokuwa safi sana, lakini ni langu. Gari naipenda. Niliipenda hata kwenye basi, ila kulikuwa na mtu ndani yangu aliyekuwa anaamini vitu vya raha ni vya baadae, wakishamaliza shule watoto, kikishajengwa kiwanja, na gari ilivyokuwa ipo tu kila siku alikuwa na pa kuisogezea. Kama hii GR86 ingeuzwa miaka kumi, nisingeinunua mwaka huu. Ningeinunua wa tatu, au wa tano, au ningesema mashallah mpaka ingeondoka. Uchache haukunipa hamu, ulinisogezea tarehe. Hilo naweza kuishi nalo. Ile "ndio" ya kwenye mvua, kama ningeisema leo ningeisema polepole, lakini ningeisema.

Kwa nini sikuichukua ile ya yadi, ya nusu bei? Nimejiuliza. Mtoto wa ami angeichukua. Kwa sababu ya lile shimo, na kwa sababu sijawahi maishani kuwa mtu wa kwanza kukalia kiti cha gari. Sababu ya pili sijui kama ni nzuri. Nimeiacha ikae.

## Jana

Jana baada ya isha nilimpigia babangu. Nikamwambia, baba, ile gari sio Corolla. Nikamtajia jina. Nikamtajia bei, kwa pauni kwanza halafu kwa shilingi, nikasikia anavuta kiti akakaa.

Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikatazama simu kama imekatika.

Akasema, "Pesa ni zako na umezitolea jasho. Lakini usiniambie tena ni Corolla. Corolla naijua mimi."

Nikamwambia nisamehe baba.

Akauliza, yasukumwa na nyuma? Nikasema ndio. Gia za mkono? Ndio. Akauliza viti vya nyuma wanakaa watu, nikamwambia watoto wanakaa kwa kubanana, mtu mzima hakai. Akaguna. Nikamwambia wamesema itafika kati ya Septemba na Novemba.

"Ikifika nipigie ukiwa ndani," akasema, "uniwekee simu niisikie ikipanda ya pili kwenda ya tatu."

Nikafikiri kidogo, halafu nikamwambia na hilo pia, kwamba ukiwa ndani sauti nyingine inatoka kwenye spika.

"Spika?"

"Ndio baba."

"Basi fungua dirisha, utoe mkono na simu nje."